Nani Alimkatiza Apoline?

Kijiwe cha stendi ya Kasulu hakina kibao wala jina, lakini kila kondakta wa gari la Kibondo anakijua. Ni kiti cha nyuma cha gari la shirika moja la misaada lililofunga kazi zake likaondoka na kila kitu isipokuwa kiti hicho. Wenyeji wakakiegemeza kwenye ukuta wa duka la mbegu. Springi moja imetokeza katikati, na anayechelewa ndiye anayeikalia. Vestina huweka jiko lake la mkaa mbele yao, birika juu, kashata kwenye sinia, na kabla ukungu haujapanda mlimani watu wanakuwa wameshafukuza kocha, wamepandisha bei ya maharage na kuishusha tena. Jumamosi ile ajenda ilikuwa moja tu. Jana yake, katika ukumbi wa kanisa, mwigizaji mmoja alisimama katikati ya igizo, akawatazama watazamaji, akatoka nje, na hakurudi.

Mwalimu Philemon alifika wa mwisho, akaikalia springi.

— Mwakeye — alisalimia. Kwao ni Njombe. Alipohamishiwa huku kufundisha Kiswahili sekondari alisema atakaa kidogo tu, na sasa salamu za Kiha zinamtoka bila kufikiri.

— Mwakeye neza, Mwalimu Shii — alijibu Vestina.

Kiti kizima kilitikisika kwa kicheko. Kumbe jina lilikuwa limeshapitishwa kabla mwenyewe hajafika. Philemon hakucheka. Yeye ndiye aliyewaleta waigizaji wale kutoka kambi ya Nyarugusu. Yeye ndiye aliyehangaikia kibali, akaazima viti, akamwapia rafiki yake Séverin, kiongozi wa kundi, kwamba watu wa Kasulu ni wastaarabu.

— Jamani, nawaomba kitu kimoja — alisema. — Gari la kuwarudisha kambini wanalipandia hapa hapa stendi, asubuhi hii. Twendeni sote tukamwombe radhi Apoline.

— Radhi ya nini tena? — alidakia Rashid. Huyu ni mpiga debe, wanamwita Zege, kwa kuwa akimwita abiria aliyeko sokoni, aliyeko hospitali naye anageuka. — Mimi yule dada nilimtunza! Mtu akikukosha, unapanda unambandika noti kwenye paji la uso. Hata bibi harusi analia na tunambandika.

— Alikuwa anaomboleza, Rashid.

— Ndiyo. Kwani rambirambi siku hizi mnatoa mahindi?

Philemon alifumba macho. Igizo lilikuwa limeanza vizuri. Apoline alikuwa mama aliyekimbia vita, akavuka mto gizani akiwa amemshika mwanawe mkono, na kulipokucha ng'ambo akakuta mkono alioushika ni wa mtoto wa mtu mwingine. Basi akawa anamtafuta wake, kambi hadi kambi, na yule wa wenyewe bado kamshika. Séverin alipomsimulia hayo tu, Philemon alijisingizia mafua ili apate kufuta machozi. Mwisho wake Séverin alikataa kumsimulia. Njoo uone, alisema.

Walichokiona ni kingine. Mgeni rasmi alichelewa, igizo likasimamishwa, akapita mstari wa mbele akisalimia mmoja mmoja kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo heshima ya Waha, kisha akahimiza kidogo habari za vyoo bora. Muda wote huo Apoline alikuwa kapiga magoti jukwaani, mikono kaielekeza mtoni.

— Na simu je? — aliuliza Philemon.

— Simu ilinipigia. Mimi nilipiga? — Zege alinyanyua mabega. — Dereva anauliza abiria wa Kibondo, nikamwambia niko kwenye tamthilia. Hasikii. Namwambia tena, hasikii, yule mama analia kwa sauti. Ikabidi nimwombe kistaarabu tu, dada, punguza kidogo.

— Ulimwambia hivyo kweli, niliona laivu — alisema Nickson, fundi simu, ambaye jina lake la kijiwe ni Bando.

— Ulionaje laivu na wewe ulikuwa mbele yangu umesimama? — Vestina alimgeukia. — Umewasha tochi ya simu kama unatafuta kuku. Sisi wa nyuma tumetazama kisogo chako mwanzo mpaka mwisho. Kinyozi wako anakuonea.

— Nilikuwa nawarusha, bana! Watu wa Kibondo wameona, wa Muyama wameona, kuna jamaa yuko Oman katuma maua. Halafu mle ndani mtandao unashika mbele tu, ukikaa umekwisha. Na wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama.

— Maana yake?

— Maana yake kama hukuona, usinilaumu mimi, laumu macho yako.

— Na wewe, Vestina — Philemon alisema kwa upole, maana ndiye aliyeshika birika. — Wewe ulisimama ukapiga kelele.

— Mimi nilimsaidia mwenzangu! Yule mwanamume mwenye kofia anamwambia mtoto yuko kambi ya Mtendeli, lipa upande gari. Mtendeli imefungwa, nani hajui? Nimwache mwanamke mwenzangu apelekwe porini naona? Nikamwambia, dada we, usiende, huyo muongo!

— Ilikuwa igizo.

— Ego, ndiyo, igizo. Na uongo ulikuwa wa kweli.

Philemon akanywa kahawa yake ikamchoma ulimi.

— Sikilizeni — alisema baadaye. — Kuna adabu za ukumbini. Unafika mapema. Unazima simu. Unakaa. Na unanyamaza.

— Kunyamaza? — Zege aliweka kikombe chini. — Mwalimu wa Kiswahili mzima hujui kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu? Sisi tulikuwa tunazuia mshindo. Ngoma inajibiwa, ibada inajibiwa, hata mhubiri wa sokoni anajibiwa. Sasa mtu anakuuliza pale mbele, "Mwanangu yuko wapi?" Anakuuliza wewe, anakutazama wewe. Unyamaze? Huko si kukosa utu?

— Alikuwa hakuulizi wewe.

— Alimuuliza nani? Ukuta?

— Tatizo ni baridi — Vestina alisema akipuliza mkaa. — Watu wa Dar wanakaa kimya kwenye maonyesho kwa sababu wana joto, hawakohoi. Huku mlimani mmoja akikohoa wote wanakohoa. Mkishakohoa mnaulizana hali. Mkishaulizana hali, ndiyo maongezi hayo.

— Hamna, mchongo ni mwingine — Bando alisogea mbele, sauti ameishusha kama anayetoa siri ya dola. — Yule hakukasirika. Ule ndio ulikuwa mwisho wenyewe. Mwisho wa kisasa. Mtu anasimama, anakula kona, hadhira inabaki na maswali. Ndiyo maana tulimpigia makofi.

Ni kweli walipiga. Hilo ndilo lililomnyima Philemon usingizi. Apoline alikuwa ameibandua noti ya Zege kutoka usoni, akaiweka chini polepole kama kitu kinachovunjika, akawatazama wote, akasema, "Nitawangoja mumalize." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akapiga mluzi. Apoline akashuka ngazi, akapita katikati yao na machozi yake, na watu wakampisha huku wakisema huyu dada anajua kazi.

— Mimi naona mnazunguka tu — alisema Zege, na sauti ikapanda mpaka abiria wa gari la Kigoma wakachungulia dirishani. — Nani alimvuruga nani? Ukumbi ni wa Kasulu. Viti vya Kasulu. Sisi tumekaa kwa amani, tunakula karanga zetu, tunapeana habari, wanakuja watu wanatulilia mbele ya macho. Waliofanya fujo ni wao! Na kwanza wale wa kambini wamezoea foleni na makelele tangu asubuhi. Huo ukimya wanaoudai wameutoa wapi?

Pakawa na kimya cha aina ambayo haikupatikana ukumbini.

— Zege — alisema Vestina. — Bibi yangu alivuka mpaka ule ule, kamfunga baba yangu mgongoni. Kahawa hiyo unayokunywa imepikwa na makelele ya kambini.

— Nilikuwa natania.

— Tania na springi.

Zege alichezea kikombe chake. Halafu, kama mtu aliyebanwa anavyotafuta wa kubanwa naye, akamgeukia Philemon.

— Na wewe je, Mwalimu? Mbona hujitaji? Umezunguka ukumbi ule kama mtu anayefukuza ndege shambani. Shii huku, shii kule. Simu yangu ililia mara moja ikakoma. Shii yako ilikoma?

— Kuna kichanga nyuma yangu kilikuwa kimelala fofofo — Bando aliongeza. — Mama yake alikuwa analia na igizo, kimya kimya. Ukaja ukamwinamia, shii! Mtoto akaamka. Kale ndiko kalikopiga yowe mpaka mwisho. Kwenye laivu unasikika wewe kuliko mwigizaji.

Philemon alitaka kusema mtu lazima asimamie nidhamu. Aliiona tena jioni ile yote: migongo ya watu, masikio, midomo inayotafuna, kidole chake mwenyewe mbele ya midomo yake. Jukwaa alikuwa amelipa kisogo.

Wakati huo alikuja mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, chupa ya chai mkononi. Alisimama pembeni mpaka walipomwona.

— Bonjour ba papa. Bonjour mama. Munijazie kahawa, ya moto sana. Tuko wengi.

Vestina alipokea chupa, akaanza kumimina. Zege alifurahi kupata sikio jipya.

— Karibu, mama, utuamue. Jana ulikuwepo kwenye lile igizo?

— Nilikuwa.

— Safi! Shahidi huyu hapa. Ulikaa upande gani?

— Upande ule mulikuwa munaangalia.

Walimtazama bila kuelewa. Bando ndiye aliyeanza kuelewa, akaiweka simu mfukoni, jambo ambalo kijiweni hapo halikuwahi kuonekana.

— Mimi nilikuwa nyanya ya mutoto — mwanamke alisema. — Nilikaa pale kwa mukeka, toka mwanzo. Mulinitupia maganda ya karanga.

— Mama, pole sana — Philemon alisimama, springi ikalia. — Mimi ndiye niliyewaleta. Nilikuwa nawaambia hawa twende tukamwombe Apoline radhi. Tunakuja wote. Tunakuja sasa hivi.

— Haina mambo, papa. Apoline eko pale kwa gari. Hataki radhi. — Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha. — Anasema, ule muji ni mukubwa, labda kuna mutu hata mumoja mwenye alisikia. Kama yuko, tutarudi tena tucheze mpaka mwisho. Alinituma niulize neno moja tu. Mutoto mwenye alikuwa anatafutwa, jina yake nani? Aliliita toka mwanzo.

Kahawa ilikuwa inamiminika.

— Si Baraka? — alisema Zege. — Watoto wa maigizo huwa Baraka.

Mwanamke alitikisa kichwa.

— Ninayo kwenye simu! — Bando alitoa simu, akaifungua laivu ya jana, wote wakamwinamia. Wakasikia Zege akimwambia dereva kwamba yuko kwenye tamthilia. Wakasikia kikohozi, kichanga, Vestina akipiga kelele kuhusu muongo. Kila mara sauti ya Apoline ilipoanza kupanda, mtu alisema shii. Bando akaizima mwenyewe.

Vestina alishika kifuniko cha chupa bila kukifunga.

— Nilimwona mdomo ukitamka — alisema taratibu. — Nilimwona kabisa.

Wote walimtazama Philemon, msomi wao, mwenyeji wa wageni. Alikumbuka viti vilivyokosa mguu. Alikumbuka rangi ya kofia ya mgeni rasmi na hotuba yake ya vyoo neno kwa neno. Alikumbuka wimbo wa simu ya Zege kiasi cha kuweza kuuimba. Alichimba kichwani akitafuta sauti ya Apoline ikiita, akapata mdomo wazi na ukimya.

— Sijui, mama — alisema.

— Sawa — mwanamke alijibu, akaifunga chupa yake. — Merci kwa kahawa.

Akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akapita kati ya mafuko ya maharage na pikipiki kuelekea upande lilikounguruma gari. Vestina alikuwa amesahau kumdai. Zege, ambaye hajawahi kushindwa kumsimamisha mtu stendi pale, alikaa na kinywa kilichofumbwa.

Philemon alimfuata hatua chache. Alitaka kumsimamisha, amwambie asiende, ampe hilo jina sasa, ataliandika ubaoni, ataliimba darasani, lolote. Akafungua kinywa amwite, ndipo akagundua kwamba hata yeye hajamuuliza anaitwa nani.

— Mama! — aliita kwa nguvu zake zote.

Stendi nzima, wauza ndizi, wauza dagaa, abiria waliofunga watoto migongoni, wanawake wote waligeuka. Mwenye chupa ya kahawa hakugeuka.