Mbaazi Zilizoshikana Bila Moto

Mheshimiwa Sadalla, Diwani wa kata yetu. Bi Turkiya binti Marwan, mwenyekiti wa Kikundi cha Wasindikaji Mbaazi wa Mwera, shikamoo. Bibi Leticia, mtaalamu wa chakula, ambaye tumekusanyika kumuaga. Ndugu wageni waalikwa kutoka Ushongo na Mkwaja. Mabibi na mabwana:

Mimi ni Zebedayo Mhina, katibu wa kikundi. Shule niliiacha darasa la saba, lakini uandishi wa barua sikuuacha. Na ni kwa barua zangu tisa, zote zenye tarehe na kumbukumbu namba, chuo anakotoka Bibi Leticia kilituazima mashine ya shinikizo mnayoiona pale. Leo naomba kuizungumzia barua ya kumi, ambayo sijivunii.

Bibi Leticia alitufundisha kwamba maziwa ya mbaazi yakitiwa katika chupa ya plastiki, na chupa ikazamishwa katika maji yanayobanwa kwa nguvu kubwa mno kutoka kila upande, vijidudu hufa pasipo moto na ladha hubaki ileile. Akatupa kipimo: mbaazi kilo moja, maji lita nane. Ndugu zangu, nani kati yetu angekubali? Ni nyumba gani ya pwani humwekea mgeni tui la pili? Nilisimama nikasema, kwa kirefu, kwamba maziwa mepesi ni aibu kwa Mwera na ya kwetu sharti yawe mazito kama kasimile, tui la kwanza. Kina mama wakapiga makofi. Siku Bibi Leticia alipokwenda Tanga mjini, tukazidisha mbaazi mara tatu.

Chupa arobaini zilitoka mashineni zikiwa baridi, na hakuna hata moja iliyomiminika. Niliipindua moja, nikaitikisa, nikaipiga kisogoni, halikutoka tone. Papo hapo nikaketi nikamwandikia Mheshimiwa Diwani kwamba mtaalamu ameharibu mbaazi za wananchi, aondolewe, na mashine irudishwe ilikotoka.

Je, nilionja? Sikuonja.

Bibi Leticia alirudi mchana, akaipasua chupa kwa kisu, na yaliyokuwa maziwa yakasimama mezani yakitetema. Hakupandisha sauti.

"Katibu, haijaharibika. Imeshikana," alisema. "Protini ya mbaazi ni kama ukili uliozongwa. Shinikizo huuzongoa. Nyuzi zikiwa chache hazikutani, maziwa hubaki maziwa. Zikiwa nyingi, hushikana zikawa mkeka."

Nami nikatayarisha jibu refu. Lakini Bi Turkiya alikwishakata kipande, amekiweka kiganjani kama halua, anatafuna, na anaulizia kahawa.

"Zebedayo," akasema, "kalamu yako ina mbio kuliko ulimi wako. Umemshitaki mtoto wa watu, na chakula hujakitia kinywani?"

Watu walicheka hata wengine wakakaa chini. Nilionja. Kilikuwa laini, chenye ladha ya mbaazi zilizochumwa jana, kisicho na harufu ya moshi wala ya kuungua. Leo mbaazi zetu za kukata zinaagizwa na wenye hoteli wa Ushongo, na kipimo kinachotumika ni kile cha ubishi wangu, baada ya Bibi Leticia kukipima upya na kukiwekea utaratibu wa kuhifadhi kwa barafu.

Lakini barua, mabibi na mabwana, si chakula hata iliwe ikaisha. Ile ya kumi imo katika faili la kata, na Bibi Leticia akishaondoka kesho, ndiyo itakayobaki ikimsema kwa kila atakayelifungua. Kwa hiyo nimeandika ya kumi na moja. Ni fupi, mnisamehe, sikuzoea.

"Mheshimiwa Diwani, kipimo kilizidishwa na mimi. Mtaalamu hakukosea. Barua yangu ya awali naomba nirudishiwe mkononi, mbele ya hadhara hii."

Naona Mheshimiwa anacheka, na ameshaitoa mfukoni; kumbe hakuwahi kuitia failini.

Bibi Leticia, nenda kwa heri, jina lako likiwa safi. Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio mliyonipa. Sasa kahawa imiminwe. Kipande cha kwanza apewe mshitakiwa, na cha mwisho mshitaki.