Ukuta Alioujenga Masila

MASILA: Haloo? Nani ananiflash?

MUKAI: Ni mimi, kaka. Mukai. Sina kredo.

MASILA: Dadangu! Niko Bisil, kwa mjengo. Network ya huku ni — [mkwaruzo] — aje ukuta?

MUKAI: Uko sawa.

MASILA: Sawa tu? Nimeweka ukuta wa pili, nikashindilia unga wa mbao katikati, juu nikaziba mpaka kwa mabati! Redio ya jirani yenu Nashipae bado inasumbua bwanako Mbaluka?

MUKAI: Hatuisikii.

MASILA: Si nilisema? Watu wa Kitengela wanabandika trei za mayai wakidhani zinazuia kelele —

MUKAI: Masila. Haikuwa redio.

MASILA: Mbaluka mwenyewe aliniambia ni redio.

MUKAI: Nashipae alikuwa anagonga ukuta na rungu ya bwanake. Mbaluka akianza kunipiga, mama wa watu anagonga. Mbaluka anashikwa na aibu, anawacha.

MASILA: Woi, Mukai. Mbona hukuniambia?

MUKAI: Ningekuambia saa ngapi? Mbaluka alikuwa hapo, anakushikia spirit level ya kupimia ukuta.

MASILA: Amekuumiza?

MUKAI: Mkono hauinuki.

MASILA: Toka! Saa hii! Ingia kwa Nashipae —

MUKAI: Mbaluka amefunga kufuli kwa nje.

MASILA: Basi piga nduru!

MUKAI: Nimepiga tangu asubuhi, kaka. Ulijenga vizuri.

MASILA: Ngai! Mikono yangu hii... Nilikunywa chai yake, nikajigamba, hata ng'ombe akichinjwa humu ndani jirani hatajua. Akacheka. Na mimi nikacheka!

MUKAI: Usilie, unamaliza kredo.

MASILA: Nashipae ako na simu?

MUKAI: Hana. Wanjira wa duka ndiye ako nayo, hapo kwa geti.

MASILA: Namba yake niko nayo. Lakini nimebakisha kidogo sana. Nikikata nimpigie yeye, aite watu wavunje hiyo kufuli?

MUKAI: Kata. Mwambie akuje na Nashipae. Fanya haraka — [mkwaruzo] — ngoja.

MASILA: Nini?

MUKAI: Kufuli. Anafungua.

MASILA: Nakata, Mukai, nampigia Wanjira —

MUKAI: Hajui niko na simu. Naificha kwa mkebe wa unga. Kaka... usikate.

MASILA: Mukai, nikikaa hapa kredo —

MUKAI: Usikate. Angalau mtu asikie.

MASILA: Mukai! Mbaluka! We Mbaluka, nakusikia! Nakusi—

[tii, tii, tii — kredo imeisha]

MASILA: Haloo? Haloo?