Fundi Shaabani Dadi Mketo na Mtani Wake Abbasi

Ndugu wafiwa, majirani, na nyinyi mliofika kutoka delta ya Rufiji, asalaam alaykum. Mimi ni Sikudhani, mtoto wa dada yake marehemu. Wasifu huu ulikuwa usomwe na mmoja wa watoto wake, lakini wao wenyewe wameniomba nisome mimi, na sababu nitaieleza. Mnivumilie, maana tangu jana sauti haitoki vizuri.

Marehemu Shaabani Dadi Mketo alizaliwa tarehe 12 Agosti 1956 katika kijiji cha Ngarambe, mtoto wa tatu wa Mzee Dadi Mketo na Bi Tabu Khamisi. Babu yake, Mzee Mketo, alikuwa kijana wakati wa vita vya Maji Maji. Wenzake walipokwisha kwa risasi, yeye na rafiki yake mmoja walikimbilia delta wakajificha kwenye mikoko, na njaa ilipoingia walizikiana watoto. Tangu hapo nyumba hizo mbili ni watani. Mliyezikana naye anaweza kukwambia lolote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mjukuu wa yule rafiki ni Mzee Abbasi Zaidi, ambaye tangu jana amekaa nyuma ya nyumba hii amejifunika shuka, hali wala hanywi.

Marehemu alisoma shule ya msingi huko Utete, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, tusidanganyane mbele ya maiti. Alijulikana kwa kufungua redio za watu. Ya mwalimu mkuu aliifungua, akairudisha skrubu mbili zikiwa zimebaki nje, ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Viboko alipata vilevile.

Mwaka 1973 alikwenda Gerezani, ule mtaa wa mafundi wa Dar es Salaam, akajifunza ufundi na umeme wa magari. Mwaka 1992 alirudi akafungua gereji yake Kibiti, kando ya barabara kuu, na magari ya kifahari yaendayo Lindi na Mtwara yakizima njiani yalivutwa hadi kwake. Mwenye gari la bei mbaya huja na jibu mkononi: "Fundi, kompyuta imekufa." Mjomba alimwitikia, akampa kiti, kisha akaanza mwanzo kabisa kama mtu ambaye hakusikia. Alipima betri injini ikiwa imezimwa, akaipima tena inanguruma, ajue kama inachajiwa. Alifuata waya wa ethi utokao kwenye betri hadi pale unapofungwa kwenye bodi, kwa sababu gari lililolala karibu na maji ya chumvi huota kutu hapo, na kutu hiyo peke yake inaweza kuwasha taa zote za dashibodi. Gari lililoamka limelalia upande mmoja alilipaka povu la sabuni kwenye mito ya hewa inayolibeba, akatazama wapi panachemka mapovu. Injini iliyopata moto aliiacha ipoe, akaangalia thamostati na pampu ya maji kabla ya kumtisha mtu habari za gasketi kuungua, kazi ya pesa nyingi. Mashine ya kusoma makosa alikuwa nayo na aliiheshimu, ila alisema inakuonyesha nyumba yenye msiba tu, haikwambii nani kafa. Kila fundi aliyepita mikononi mwake alifundishwa hivi: gari haliumwi ghafla, lilikwishasema, usiamini mpaka upime.

Tarehe 3 Machi 1985 alifunga ndoa na Bi Mwanajuma Abdala wa Chumbi. Siku hiyo bosi wake wa Gerezani alimwazima gari kubwa jeusi. Lililazwa karibu na ghala la mpunga, panya wakaingia wakatafuna waya, na asubuhi halikuwaka. Bwana harusi aliingiza kichwa na kanzu yake nyeupe chini ya boneti. Wakwe walipoanza kununa, Abbasi alitangulia kwa miguu kuwapa habari: "Msingoje. Kapata mke mwingine mweusi, kamfunua, na miye nimeshuhudia." Ndoa ilifungwa kanzu ikiwa na grisi hadi kiwikoni. Mungu aliwajaalia watoto wanne.

Desemba iliyopita miguu yake ilianza kuvimba. Akipanda ngazi za gereji alisimama kuhema, na kitandani alianza kulala ameegemea mito. Sababu hazikumpungukia: joto, uzee, kusimama kutwa. Wa kwanza kuona alikuwa Mzee Abbasi, akasema barazani mbele ya watu.

"Shaabani, pampu yako imekufa. Maji yanarudi miguuni. Nenda Utete ukapimwe, ama nikakuchagulie mchanga laini?"

Baraza zima likacheka. Mjomba akamjibu, "Weye unataka pilau tu. Utangoja sana."

Abbasi akarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara watu walicheka zaidi. Angefanya nini? Maisha yake yote hakuwahi kumwambia Shaabani neno likapokewa kama neno. Mwezi wa Februari alikwenda gereji peke yake, akavua kofia.

"Shaabani, leo sitanii. Miye naogopa. Twende hospitali, nitakushika mkono."

Sote hapa tunajua kwamba mtani akija na mzaha wake mkubwa huanza hivyohivyo. Mjomba aliweka spana chini akangoja amalizie. Abbasi akaanza kulia. Mjomba akapiga makofi, akawaita mafundi waje waone mzee alivyokomaa kwa utani. Abbasi akavaa kofia yake akaondoka. Inaniuma kusoma haya, inaniuma sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na bado mtu amekufa.

Tarehe 13 Aprili alianguka gereji, tukamkimbiza hospitali ya Utete. Daktari alituambia moyo ulikuwa umechoka kwa miezi, na mapafu yamejaa maji. Angefika mapema wangekuwa na la kufanya. Alifariki jana, Jumatatu tarehe 15 Aprili 2019, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 62.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada wawili na mtani mmoja.

Mzee Abbasi, sasa nasema nawe. Desturi ya utani inakutaka uvae ovaroli la marehemu na kumwigiza kabla hajashushwa kaburini, nawe umekataa, unasema ulimi wako ndio uliomuua. Watoto wake wamekufuata mmoja mmoja kukwambia huna kosa, ukawajibu, "Mnanitania." Hiyo ndiyo sababu nasoma mimi. Kwa baba yangu mimi ni mtu wa Mohoro, sina utani na nyumba yenu, na nikisema nimesema. Nilikuwa kando ya kitanda chake usiku wa mwisho. Alinishika mkono akasema, "Mwambieni Abbasi alipima sawa. Miye ndiye niliyekataa kufungua boneti."

Mola wake amfungulie mlango kwa upole, na ampe usingizi mwema.