Msipitishe Msumeno kwenye Gitaa la Mama Yenu

Sogeeni wanangu, kaeni ninapoweza kuwaona, maana mimi baba yenu, niliyechora samaki kwenye bango la duka mpaka paka wa mtaa mzima wakaja kulilamba, leo naogopa, na angalau leo msidhani natania.

Asubuhi nilisikia futi ikivutwa sebuleni, krii, krii, nikasema kwisha habari yangu, wananipimia jeneza na bado nahema. Kumbe mnapima ule ubao wangu niliochora ala zetu za muziki! Nikamsikia Mkubwa, “Gitaa langu, mimi ndiye niliyefanana na mama.” Fundi, wa kati wenu, akajibu, “Chukua, ila ngoma usiiguse. Leteni msumeno.” Na wewe Kitinda, kwa kisauti chako cha mbu, “Basi tarumbeta langu, lakini tusikate mpaka baba afumbe macho.” Ahsante kwa heshima hiyo, mwanangu!

Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli, ile ya jeneza ikawa mchezo. Sikilizeni: gitaa la mama yenu, ngoma yangu na tarumbeta la mjomba wenu viliungua pamoja na nyumba ya kwanza, vimebaki kwenye picha hiyo tu, nami sikuvipanga kama viatu dukani. Gitaa limeiegemea ngoma, tarumbeta limelala juu ya vyote viwili, mdomo wake umejificha nyuma ya nyuzi. Kateni mtakapo, kila mmoja ataondoka na kilema. Mafiga mawili hayainjiki chungu, na mkishagawana ubao mtagawana na salamu, mpishane njiani kama wageni. Hilo ndilo linalonitetemesha, si kaburi. Kaburi nitalipiga porojo, nimeshawapiga wengi.

Nyumba ni yenu wote. Brashi zangu achukue Kitinda. Msumeno, Fundi, urudishe kwa jirani leo hii. Na ubao usiwe wa mtu: ukae kwa mmoja, wengine waje kuutazama, waje na watoto wao, wakigombana wagombane palepale mbele yake.

Uleteni hapa. Mzito, eeh? Nilijua. Mkubwa shika kushoto, Fundi kulia, Kitinda ingia chini, inua. Juu kidogo... naona nyuzi sasa. Mungu awape mikono isiyochoka... awape watoto wenye kelele... awape kuzikana, mmoja asizikwe na wageni. Nani huyo anayelemewa? Msaidieni. Msiuachie... nikinyamaza msidhani nimemaliza... shikeni tu, wanangu... shikeni...