Kwa Nini Zaidun Aliacha Kisu Mkekani

Kijiwe chetu kipo Shangani, benchi mbili za mbao mbele ya kibanda cha gemu cha Nelio. Mwenye dele, yaani birika la kahawa, ni mimi, ndiyo maana wananiita Dele, na jina langu la Abdallah limebaki kwenye kitambulisho tu. Tunaanza baada ya swala ya alasiri. Nelio anaigeuza runinga itazame nje, anashika pedi ya kuchezea, anacheza huku anatutafsiria, maana gemu linaongea Kiingereza na sisi Kiingereza tulikiacha shuleni. Miaka miwili sasa tunamfuata Zaidun, muuaji wa siri wa enzi zile za ngome na panga: sehemu ya kwanza, ya pili, na jana tumemaliza ya tatu. Namshukuru Mungu kwa gemu hilo. Kabla yake hapa palikuwa mahali pa kusengenya watu, na hodari wa kusengenya nilikuwa mimi.

Kwa ambaye hakuwepo: Zaidun alikuwa namba moja katika chama chake. Kwa kiburi akafungua lango la mji kabla ya ishara, wenzake sita wakauawa. Mkuu wa ngome hakumfukuza. Alimnyang'anya kisu, akampa ndoo. Sehemu ya pili nzima jamaa anateka maji. Jana, mwisho kabisa wa sehemu ya tatu, mkuu akamrudishia kisu mbele ya watu, na Zaidun akakiweka mkekani, akaokota ndoo yake akaondoka. Gemu likaisha. Sisi tukabaki midomo wazi, na leo kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa mabishano yameanza.

Wa kwanza alikuwa mzee Sudi, karani mstaafu. Tunamwita Waziri kwa sababu ana majibu hata ya maswali ambayo hajaulizwa.

WAZIRI: Jambo jepesi sana. Kisu kile kilikuwa bandia. Mkuu alikibadilisha.

NELIO: Mzee wangu, mimi nimecheza saa themanini. Kisu ni kilekile, kina alama kwenye mpini.

WAZIRI: Alama inachongwa, kijana. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini, mihuri ya kuchonga nimeiona kwa macho haya.

Pembeni yake alikuwa Andrea, ambaye tangu apate kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha gesi njia ya Madimba kila kitu kwake ni gesi. Jina lake basi ni hilohilo.

GESI: Nyie hamjatazama kile kisima. Maji yalikuwa yanatoa mapovu! Chini ya ile ngome kuna gesi, n'nakwambieni. Zaidun kateka maji pale miaka, kagundua. Akishika chuma, chuma kikigonga jiwe, cheche moja tu, ngome yote inaruka.

MIMI: Zamani zile gesi ilitoka wapi?

GESI: We Dele, gesi imeanza jana? Ilikuwepo kabla ya babu yako.

WAZIRI: Haya, mmenilazimisha niseme. Zaidun alikufa. Alikufa palepale langoni, sehemu ya kwanza. Huyo anayeteka maji ni jini lililovaa sura yake, na jini haligusi chuma.

NELIO: Mbona anakula mikate?

WAZIRI: Jini halina tumbo?

Tulicheka mpaka Gesi akamwaga kahawa kwenye viatu vya kazini. Aliyekuwa hacheki ni mmoja, Shafii, kakaa mwisho wa benchi na simu mkononi, kikombe chake hajakigusa.

SHAFII: Zaidun alifanya sawa.

WAZIRI: Ehe. Sababu?

SHAFII: Mtu aliyeharibu hashiki tena kile alichoharibia. Basi. Ndiyo maana na mimi kesho siendi.

Hapo kicheko kilikatika. Shafii ndiye Bwana Salfa, kwa jina la ile dawa ya mikorosho, au alikuwa. Upande huu hakukuwa na mpulizaji wa mikorosho wa kumfikia. Miti aliyopuliza yeye ilikuwa haijui ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika maua kama yamepakwa majivu. Msimu wa juzi alipuliza dawa ya magugu kwenye shamba moja jioni, na asubuhi akaingia shambani kwa Bi Somoe, njia ya Madimba, akajaza dawa ya mikorosho kwenye bomba lilelile la kupulizia bila kuliosha. Msaidizi alimwambia aoshe. Akajibu kwamba bomba lake analijua kwa harufu. Baada ya siku tano maua ya miti arobaini yalikuwa yamekauka, na mama wa watu hakuvuna hata kilo.

Hakuna aliyemwita tena kupuliza. Lakini Bi Somoe hakumfukuza. Alimwambia kama unataka kufanya kitu, palilia. Basi msimu mzima uliopita na huu hadi leo, kila asubuhi Shafii anapanda baiskeli, anakwenda kupalilia na kukata matawi, na mtu mwingine alikuwa anakuja kupuliza. Sasa huyo mtu kahamia Newala, ubwiri unga umeshaonekana, na leo mchana Bi Somoe kamtumia Shafii maneno: kesho uje na bomba.

MIMI: Shafii, maua hayasubiri. Usipokwenda nani atakwenda?

SHAFII: Atafute mwingine.

GESI: Wiki hii? Wapulizaji wote wameshakodiwa mpaka Nanyamba.

SHAFII: Nikikosea tena je? Mimi nikishika lile bomba naiona ile miti arobaini, Dele. Mmemwona Zaidun wenyewe. Kapewa kisu, kasema hapana, na kila mtu kamheshimu.

WAZIRI: Zaidun ni katuni!

SHAFII: Dakika tano zilizopita ulisema ni jini.

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilitaka kumwambia kwamba unyenyekevu wake sasa umekuwa kiburi cha aina nyingine, ila birika lilikuwa mkononi nikaogopa nisije nikamwagia mtu. Nikammiminia kahawa badala yake, juu ya ile ambayo hajanywa.

Wakati huo akatokea Albertina, dada yake Nelio, ametoka Mahurunga na kiroba cha mihogo. Alikuwa hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Gesi akampisha, nikampa kikombe, na Waziri, ambaye hawezi kumwona mgeni akanyamaza, akamsimulia Zaidun mwanzo mpaka mwisho: kiburi, lango, wenzake sita, ndoo, kisu mkekani. Jini akaliruka, nadhani kwa aibu. Habari ya Shafii hakuna aliyemwambia. Albertina alisikiliza vizuri, anapuliza kahawa yake.

ALBERTINA: Sasa huyo mkuu, aliyemwacha akae pale na ndoo badala ya kumfukuza. Huyu Zaidun aliwahi kumwambia asante?

Tukamgeukia Nelio.

NELIO: Asante?

ALBERTINA: Ndiyo. Asante tu.

NELIO: Kuomba radhi aliomba. Kuna kitufe kabisa, ukikibonyeza anapiga magoti. Sehemu ya pili mimi nimembonyeza hata mara mia.

ALBERTINA: Radhi nimesikia. Nauliza asante.

NELIO: Sehemu ya kwanza... hapana. Ya pili, pale kwenye mvua... hapana, pale alisema nisamehe. Ya tatu... Dada, mbona unanitoa jasho?

WAZIRI: Labda kwa Kiingereza alisema, wewe hukutafsiri.

NELIO: Hakusema, mzee. Saa themanini. Hakusema.

Gesi akatazama viatu vyake. Albertina akadhani ametukosea adabu, akasema samahani, mie nimeuliza tu, kwetu mtu akikuachia nafasi unamshukuru, akikurudishia kitu unakipokea, ukikikataa ni kama umemtupia.

Shafii alisimama. Nikajua anaondoka, nikaanza kutafuta la kumzuilia. Hakuondoka. Alibonyeza simu yake, na kwa kuwa simu ile spika ya sikioni imekufa siku nyingi na inaongea kwa spika ya nje, wote tulisikia.

SHAFII: Shikamoo, Bi Somoe.

BI SOMOE: Marahaba, baba. Umepiga kusema huji?

SHAFII: Hapana. Nimepiga... Bi mkubwa, nimeshakuomba msamaha siku nyingi sana.

BI SOMOE: Mpaka nimechoka kuusikia.

SHAFII: Leo sio msamaha. Nasema asante. Kwa kuniacha niingie shambani kwako. Ungeweza kunifukuza, na mimi sijui sasa hivi ningekuwa wapi. Asante, mama yangu.

Upande wa pili tulisikia kuku, na mtu anaburuta ndoo.

BI SOMOE: Shafii.

SHAFII: Naam.

BI SOMOE: Mume wangu amekufa mwaka wa nne huu. Watoto wako Dar, wanapiga Ijumaa. Anayenibishia hodi kila asubuhi na kuniuliza nimeamkaje ni wewe peke yako. Maua yalikauka mara moja tu. Hodi yako nimeisikia misimu yote miwili. Sasa asante hiyo ni ya nani?

Shafii alijifuta uso kwa kiganja, mbele yetu sote, wala hakujificha, na Waziri akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi mwenyewe nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nilikuwepo.

BI SOMOE: Umenisikia? Uje kabla ya jua kuchomoza, upepo ungali umetulia.

SHAFII: Nakuja, mama.

Akakata simu. Akashika kikombe chake, akakinywa chote, akatuaga mmoja mmoja, akaenda kuliandaa bomba.