Fundi Saa na Miche Kumi na Saba ya Dirishani

Ndugu yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Saa na watoto wa mtaani wakamwita Babu Miiba, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Anayewasomea haya ni dada yake, kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Hakuendelea, ila jicho lake lilikuwa kali, na mzee mmoja mtengeneza saa akamchukua amfundishe. Mwaka 1979 alifungua kibanda pembeni ya posta, akakaa hapo miaka arobaini. Mteja akimharakisha, alimjibu kwa upole kwamba hata saa yenyewe haikimbii.

Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yetu, mshonaji wa sare za shule. Mungu akawajalia binti na mwana.

Mwaka 1998 mteja alimletea dungusi, ule mmea wa miiba usiotaka maji mengi, likiwa na tunda. Alilipasua lile tunda, akaosha mbegu zake kwenye chujio la chai, akazikausha. Mchanga wa kupandia aliupika kwanza ili kuua ukungu. Wifi alirudi kazini na njaa, akafunua sufuria, akakuta mchanga unafuka mvuke. Akauliza kama na mboga ipo.

Kuanzia hapo hakuacha. Alipanda kwenye kopo, akamwagia maji mara moja tu, akalifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa miezi sita. Jasho la ndani ya mfuko ndilo lililoinywesha miche. Ikikua, aliihamisha kwa kibano cha saa.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe. Alicheka, akasema daktari amemgeuza dungusi. Alipolazwa, dada yake huyu alibaki na makopo. Aliionea huruma ile miche midogo, kila asubuhi baada ya sala akafungua mifuko na kuimwagilia. Ndani ya wiki mbili miche arobaini ilikuwa imeyeyuka kama sabuni. Kaka hakugomba.

Tarehe 21 Aprili mwaka huu, 2025, alipanda tena. Ilipoota, alimwita yuleyule dada, akamwambia, "Hii utailea wewe."

Dada akakataa, akasema ataiua tena.

"Wewe kosa unalijua tayari," kaka akasema. "Mwenzako bado hajalifanya."

Alituacha Jumatatu tarehe 2 Juni, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ndugu waombolezaji, tunawashukuru. Lakini juzi jirani mwema alikutwa dirishani, penye kopo la miche hiyo, na kikombe cha maji, mfuko ameshaufungua nusu. Ulifungwa upesi, na tangu hapo moyo haujatulia. Atakayefika nyumbani leo, tunamwomba asiimwagilie. Haina kiu. Mfuko utafunguliwa mwezi wa kumi, Mungu akitujalia kufika.

Ameacha mjane, binti yake muuguzi, mwanawe seremala, wajukuu watatu, dada yake huyu, na miche kumi na saba. Asubuhi hii imehesabiwa mara mbili. Ni kumi na saba.

Bwana ampokee fundi wetu, ampe pumziko lisilo na haraka.