Kimea cha Mama: Maisha ya Tabitha Jepleting Kiplangat, 1952–2025

Wengi wetu hapa Olenguruone tulimjua Mama Jepleting kwa pua kabla ya kumjua kwa sura, maana kimea cha wimbi hakikukosa kuanikwa uani kwake. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 karibu na Molo, kwenye shamba la mzungu ambako babake alikuwa mkamuaji. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, jambo lililomuuma hadi uzeeni.

Mwaka 1971 aliolewa na Mzee Kiplangat, wakajaliwa Jepkemei, Kiptanui na kitinda mimba, Dalmas. Alifungua kilabu chenye leseni cha busaa, pombe ya kienyeji ya kimea. Wazee walizunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu, wakaamua mambo ya mipaka na mahari, wakaenda nyumbani kwa miguu yao wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini busaa ikapigwa marufuku. Kilabu kilifungwa, kiu haikufungwa. Busaa huchukua siku kadhaa kuiva na harufu yake humsaliti mpishi, kwa hivyo Mama, kama wenzake, akageukia chang'aa, pombe kali inayofichika kwenye chupa chini ya leso. Alizoea kusema, "Busaa ilikuwa ya kukaa. Hii ni ya kukimbia." Alikimbia sana, na seli aliijua, lakini watoto walisoma.

Mwaka 1996 Mzee Kiplangat alikunywa pombe iliyotiwa kemikali mahali pengine. Akapofuka, na baada ya siku mbili akafariki. Mama alitoka mazikoni akamwaga mapipa yake yote, bila askari kumsukuma. Sheria ilipolegezwa mwaka 2010, wateja wa zamani walimjia mbio: "Mathe, sasa ni halali! Rudi kazini!" Akawajibu, "Sheria imerudi. Mzee wangu hajarudi."

Kimea hakukiacha. Alikitumia kupika uji mchachu, akauza sokoni. Kwenye msako wa pombe haramu wa 2015, Chifu Mburu na vijana wake walinusa, wakaingia jikoni tayari kupindua pipa. Mama alimchotea kikombe. "Kunywa, boss. Ukilewa, unifunge." Chifu alimaliza vitatu, na hajawahi kukosa siku ya soko tangu hapo.

Uchungu wake mkubwa ulikuwa Dalmas, aliyetorokea Nakuru mjini na chupa ikamshika. Wengine walimkatia tamaa, Mama hakuweza. Aliporudi mwaka 2022 amekonda, hakumhubiria. Alimpa kazi ya kuonja uji, akamwonya: "Mdomo wa chang'aa hausikii uchachu. Ukikunywa, nitajua kwa sufuria." Na alijua. Mara mbili uji uliharibika, mara mbili akaumwaga, akamwambia, "Kesho tena, kijana wangu."

Kisukari kilimlaza hospitalini Nakuru Januari mwaka huu. Dalmas alimpelekea uji kwenye thamosi, akasimama kando ya kitanda kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama alionja, akafumba macho. "Huu umepikwa na mtu mzima," alisema. Dalmas alilia, na sote tuliokuwepo tulilia naye. Mama alituaga alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, kikundi cha akina mama wa kanisa aliowafundisha kupika, na chungu chake cha zamani cha busaa, ambacho sasa ni cha uji.

Baada ya maziko, msiondoke. Uji mtakaokunywa umepikwa na Dalmas peke yake, kwa kimea alichokianika Mama mwenyewe kabla ya kulazwa. Kunyweni bila wasiwasi: Chifu ameshaonja.

Pumzika kwa amani, Mama. Chungu kina mwenyewe.